Siku Kitavi Alipovua Kofia

Waliokuwapo siku hiyo ni hawa. Wa kwanza ni Lazarus Nzau, mwenye birika na jiko la makaa, na kwa hiyo mwenye kijiwe. Bila yeye benchi lile ni ubao tu uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona ya Ngara panapoanza maduka ya jumla. Wa pili ni Peter Wachira, tunayemwita Daktari kwa sababu aliwahi kupanga maboksi katika duka la dawa, akaachishwa kazi kwa kuwashauri wateja. Wa tatu ni Ogutu, jina la ubatizo Lenox, fundi wa redio na runinga, anayeitwa Setilaiti kwa kuwa hakuna habari ya dunia isiyompitia. Wa nne ni Jonathan Kitavi Nzomo, bawabu wa jengo moja la ofisi kule Hurlingham, mkazi wa Riruta, mgane wa miaka mingi, aitwaye Kanali kwa sababu ya kofia yake ya kahawia ambayo hatukuwahi kumwona bila hiyo. Wa tano ni mimi. Wananiita Karani, na nilikuwa karani kweli, kwa hiyo sina malalamiko. Ilikuwa Jumamosi, mwaka juzi, baada ya mvua. Barabara ilijaa matope, na ng'ambo yake, kwenye vibanda vya mitumba, Bi. Mwelu Kaindi alikuwa akitundika mapazia yake juani.

Kitavi alimaliza kikombe cha kwanza. Kisha akatazama ng'ambo, akaligeuzia soko mgongo, akavua kofia.

Mimi nilitazama kikombe changu kwa adabu. Ogutu hakutazama chake.

Ogutu: Kanali. Hiyo ni nini?

Kitavi: Ni kichwa.

Ogutu: Naona ni kichwa. Nauliza kulienda aje.

Lazarus: Wacha mzee apate hewa. Hata askari hupewa siku ya kupumzika.

Juu palikuwa tupu kabisa, pakavu na safi, na pembeni ulibaki ukingo wa mvi, kama nyasi zinavyobaki kando ya uwanja wa mpira wa shule.

Kitavi: Sikuvua ndio mcheke. Nimevua ndio mniangalie. Kuna kitu inamea ama hakuna?

Wachira: Inamea aje? Umepanda nini?

Kitavi: Mafuta ya mbarika. Ile kasta. Naipasha moto kidogo, napaka jioni, nasugua na ncha za vidole, sio kucha. Asubuhi naosha na maji ya rozimeri. Vile ulisema.

Wachira: Mimi nilisema? Mimi nilimwambia rafiki yako. Ulikuja hapa ukaniambia uko na rafiki Hurlingham ana shida ya nywele.

Kitavi akainamia kofia yake.

Wachira: Kumbe rafiki ni wewe. Na nikauliza huyo rafiki amekaa na hiyo shida muda gani, ukasema imeanza juzi tu.

Lazarus: Mficha uchi hazai, Daktari. Alikuwa anaficha.

Ogutu: Hiyo methali ni ya ugonjwa, sio ya upara.

Lazarus: Ni ya kuficha.

Wachira akavaa miwani yake ya kusomea, akasimama nyuma ya Kitavi, akamwinamisha kichwa kuelekea kwenye mwanga. Alikipima kile kichwa kwa makini ambayo nadhani hata dukani hakuwahi kuruhusiwa kuonyesha.

Wachira: Nyamazeni. Hapa katikati. Kuna kitu.

Kitavi: Kweli?

Wachira: Iko. Laini. Imelala upande. Rangi kama ya kahawia.

Ogutu: Kahawia? Huyu ni Mkamba wa Mbooni, ama kuna mzungu anachipuka huko juu?

Ogutu akanyoosha vidole viwili, akakiokota kile kitu, akakiweka kwenye kiganja, halafu akakisogeza karibu na kofia. Vilikuwa vya ukoo mmoja.

Ogutu: Hii ni manyoya ya kofia, Kanali. Kofia ndio inamea.

Tukacheka sote, hata mimi, mpaka Lazarus akalazimika kuweka birika chini. Lakini Kitavi hakucheka. Alikuwa akikizungusha kile kikofia mikononi, akikishika ukingoni kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Kicheko kikaisha chenyewe, mmoja mmoja.

Lazarus: Kwani haraka ni ya nini, mzee? Si umekaa hivyo miaka yote na kazi haikukataa.

Kitavi: Mwelu ameniita kanisani.

Hakuna aliyegeuka kutazama ng'ambo, na hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa watu wa kijiwe kile. Tulijua kwamba Kitavi alikuwa amenunua mapazia kwa Bi. Mwelu mara nyingi kuliko nyumba yake ilivyo na madirisha. Tulijua pia kwamba mama huyo ni mjane, kwamba humwekea Kitavi kiti, na kwamba Jumamosi Kitavi akichelewa kufika, mama huinua shingo kutazama kijiwe chetu. Tulikuwa tumeyajua haya na kuyanyamazia.

Kitavi: Jumapili ya mavuno. Kanisa lao liko hukohuko kwetu Riruta. Amesema nitakaa na yeye na vijana wake. Pasta pia ameambiwa.

Wachira: Sasa hapo shida ni gani? Hiyo ni habari njema.

Kitavi: Kanisani mwanaume anavua kofia mlangoni. Halafu kabla ya mahubiri wanasema wageni wasimame wasalimie kanisa. Nitasimama na nini?

Ogutu: Na miguu.

Kitavi: Wewe kijana, cheka tu. Mke wangu alinijua na nywele. Zikaenda akiwa ananiangalia, kidogo kidogo, hakuona. Huyu ataona mara moja.

Hapo hata Ogutu aliacha mzaha. Kijiwe kile kina kasoro nyingi, kimechelewesha watu kazini na kimewapotosha katika mambo ya siasa, lakini hakimwachi mtu wake. Lazarus akajaza vikombe bila kuombwa, na kazi ikaanza.

Wachira: Tuseme ukweli kwanza. Mafuta ni mazuri. Inalainisha, inazuia zile ziko zisikatike. Lakini nywele ni kama mahindi, haufukui kila asubuhi kuangalia kama imeota. Inataka miezi. Na inataka mzizi iwe hai. Haba na haba hujaza kibaba.

Kitavi: Mavuno ni mwezi ujao.

Wachira: Basi ongeza haba.

Lazarus: Mimi mjomba wangu kule Makueni alitumia kitunguu. Unasaga, unakamua maji, unapaka, unafunga na kitambaa.

Kitavi: Zilimea?

Lazarus: Hatujui. Hakuna mtu alimkaribia kuangalia.

Ogutu: Omera, nyinyi mnatibu kitu hamjaelewa. Nywele ya mzee haijapotea. Imehama. Angalia masikio yake. Angalia pua. Hizo zote zilikuwa wapangaji wa huku juu. Kodi imepanda, zimeshuka mahali bei iko chini.

Wachira: Sasa dawa ni kuziambia zirudi?

Ogutu: Dawa ni damu. Damu haifiki juu, si unajua hata maji hapa Ngara haifiki ghorofa ya mwisho? Kanali analala kichwa ikiwa chini ya kitanda na miguu juu ya mto. Damu inashuka na mbolea yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lazarus: Na huyo mzee akizirai huko mvunguni, nani atajua? Anaishi peke yake.

Ogutu: Ndio maana tunamtafutia mtu.

Kitavi alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. Wachira, ambaye hapendi kupitwa katika mambo ya tiba, akasogea mbele ya benchi.

Wachira: Kama ni damu, damu inaitwa na pilipili. Pilipili kidogo kwa mafuta. Ikiwasha, ujue inafanya kazi.

Kitavi: Na ikichubua?

Wachira: Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kitavi: Nisimame mbele ya kanisa na upara na kidonda?

Lazarus: Kuna ile ya ng'ombe. Hii ni kweli, msicheke. Ng'ombe akikulamba kichwa, ule ulimi una mikwaruzo, unaamsha ngozi. Mtu wa kwetu alilambwa na ndama akiwa mtoto, mpaka leo anaenda kinyozi kila wiki.

Wachira: Mtoto ana nywele yake hata asilambwe.

Kitavi: Ng'ombe ziko. Kule kwetu Riruta zinapita mpaka kwa stage asubuhi.

Ogutu: Hizo zinapelekwa Dagoretti kuchinjwa. Ng'ombe inaenda kufa haiwezi kukupa kitu na roho safi. Afadhali mkojo wa sungura. Wakulima wananunua kwa chupa. Inaamsha sukuma wiki iliyokauka kabisa, sembuse kichwa.

Wachira: Setilaiti, hiyo wananyunyizia shambani kufukuza wadudu.

Ogutu: Basi hata chawa hatapata.

Lazarus: Chawa akae wapi?

Walikuwa wamechangamka sasa, na Kitavi alikuwa akimgeukia kila mmoja kwa zamu, kama mgonjwa aliyezungukwa na madaktari wanne ambao hawajawahi kukubaliana. Mtu wa nne nilikuwa mimi, na nilitumaini hawatafika kwangu.

Ogutu: Njia rahisi ni wigi. Ziko za wanaume, River Road, unapimwa palepale.

Kitavi: Pasta huwa anawekea wageni mkono kichwani akiwaombea.

Ogutu: Sasa?

Kitavi: Akitoa mkono, itabaki wapi?

Ogutu alilifikiria jambo hilo kwa muda, na nilimwona akiliona: pasta, mkono, na kile kilichobaki mkononi.

Ogutu: Ni kweli. Wigi tuiache.

Wachira: Karani. Wewe ulisoma na wazungu wenyewe. Walikuwa wanafanya nini?

Nikasema kwamba wale waliokuwa na upara walikaa na upara. Bwana Norman aliyetufundisha hesabu hakuwa na hata unywele mmoja, na hilo halikupunguza hofu yetu kwake. Sikuongeza neno. Kichwa changu mimi kimejaa mvi mpaka kwenye paji, bila dawa wala juhudi, na siku ile nilijisikia kama mtu anayekula mbele ya wenye njaa.

Kitavi: Bwana Norman alikuwa anatafuta mke?

Nikasema hapana, alikuwa naye tayari.

Kitavi: Ndio hiyo sasa.

Wakati huo alikuja mama mmoja kijana, amevaa aproni ya bluu ya mojawapo ya maduka ya jumla. Hakuwa amewahi kufika kijiweni kwetu. Alituamkia vizuri, akaomba kahawa ya tangawizi, akasimama kando ya jiko kungoja ipoe. Baadaye tulijua anaitwa Caren. Ogutu, ambaye hawezi kunyamaza mbele ya msikilizaji mpya, alimweleza mkasa wote tangu mafuta ya mbarika mpaka mkono wa pasta, huku akimwonyesha kichwa cha Kitavi kwa kidole kama mali ya umma. Kitavi alitaka kuvaa kofia, lakini Wachira akamwambia atulie, elimu haina siri.

Caren alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

Caren: Pole, mzee. Na huyo mama, nywele zake ziko aje?

Ogutu: Za nani?

Caren: Za huyo mama mnasema. Mwelu.

Ogutu: Za Mwelu ziko...

Akaishia hapo. Akamtazama Lazarus.

Lazarus: Huwa anafunga kilemba. Kile cha maua ya manjano.

Wachira: Siku ya baridi anafunga kile cha sufu.

Caren: Mimi nauliza ndani ya kilemba.

Sasa sote tuligeuka kutazama ng'ambo, heshima au bila heshima. Bi. Mwelu alikuwa juu ya stuli, mikono juu, akibana pazia jeupe kwa vibanio. Kilemba kilikuwa kichwani, kimekazwa mpaka kwenye nyusi, fundo likiwa kisogoni. Nilijaribu kukumbuka siku moja nilipomwona bila kilemba. Nina kumbukumbu nzuri, nimeishi kwayo. Sikuipata siku hiyo.

Ogutu: Kanali, si wewe ndio hukaa kwa kiti chake?

Kitavi: Sijawahi kuona.

Wachira: Hata siku moja?

Kitavi: Hata siku moja. Sijawahi kufikiria.

Caren alirudisha kikombe, akamshukuru Lazarus, akaenda zake dukani. Kwa saa nzima tulikuwa tumezungumzia kanisa lile, mlango wake na desturi zake, na kila mmoja wetu alijua desturi yote. Mwanamume huvua kofia mlangoni. Mwanamke hufunika kichwa. Tulikuwa tumeishika nusu yake tu, ile iliyomhusu mwenzetu.

Kitavi akasimama. Akamkabidhi Lazarus kikombe chake.

Kitavi: Niwekee.

Ogutu: Unaenda wapi?

Kitavi alivuka barabara akiwa na kofia mkononi, akiruka matope kwa uangalifu wa mtu aliyepiga viatu rangi. Alipofika kwenye kibanda hakuivaa. Alisimama chini ya ile stuli, kichwa wazi juani, akiutazama uso wa yule mama.

Bi. Mwelu aliona. Aliacha pazia likining'inia kwa kibanio kimoja. Kutoka kwetu hatukuweza kusikia lolote, ingawa Ogutu alijaribu kuinuka na Wachira akamvuta koti. Tulimwona mama akishuka polepole. Tulimwona akimzunguka Kitavi nusu duara, kama anavyozunguka kitambaa kabla ya kutaja bei. Kitavi akasema jambo fupi. Mama akatazama kulia, akatazama kushoto, akatutazama sisi, nasi tukatazama vikombe. Tulipoinua macho hawakuwapo. Pazia zito la kijani lilikuwa likitikisika.

Ogutu: Wameingia ndani ya mapazia.

Lazarus: Tumeona.

Ogutu: Wanafanya nini huko?

Wachira: Wanaonyeshana.

Walikaa huko muda mrefu. Mnunuzi mmoja alikuja, akapapasa mapazia, akakata tamaa, akaenda. Lazarus alifunika kikombe cha Kitavi kwa kisahani ili moto usitoke. Hakuna aliyetoa nadharia yoyote.

Bi. Mwelu alitoka wa kwanza. Alikuwa akifuta macho kwa nyuma ya kiganja, na alikuwa akicheka. Kilemba kilikuwa kimefungwa upya. Fundo la kisogoni lilikuwa limehamia mbele. Alipanda stuli, akabana kile kibanio cha pili. Kisha Kitavi akatoka, akavuka barabara, akaketi. Kofia ilikuwa bado mkononi.

Ogutu: Sasa? Ziko aje?

Kitavi: Kahawa yangu iko wapi?

Ogutu: Kanali, tumekaa hapa kama watu wanangoja matokeo ya kura. Ziko ama haziko?

Kitavi: Karani, mwambie huyu kijana adabu ni nini.

Nilimwambia. Lazarus alitikisa birika, akaligeuza, na tone la mwisho likaangukia makaa. Tukaondoka.

Jumapili ya mavuno tulikwenda Riruta sote, ingawa hakuna aliyealikwa ila mmoja. Tuliketi safu ya nyuma. Mzee wa kanisa alipoomba wageni wasimame, Kitavi alisimama mbele, kati ya vijana wawili wa Bi. Mwelu, na mwanga wa dirisha ukamwangukia kichwani. Kisha Lazarus akasimama, na Wachira, na mimi, na Ogutu, aliyejitambulisha kwa jina la Lenox, na Wachira akamgeukia kwa mshangao, kwa sababu walikuwa wamejuana miaka mingi bila kuulizana. Pasta alimwekea Kitavi mkono. Mkono ukaondoka, na kila kitu kikabaki mahali pake.

Walifunga ndoa mwaka jana, baada ya Pasaka. Kitavi hakuwahi kusema kijiweni alichokiona nyuma ya pazia. Mimi peke yangu aliniambia, siku nilipomtembelea kwao, na ninaandika kwa ruhusa ya Bi. Mwelu. Miaka ya kusuka kwa kukaza, na baadaye wigi za gundi, ilikuwa imemla nywele zote za mbele na za pembeni, mpaka juu ya masikio. Alikuwa ameamua hatavua kilemba mbele ya mwanamume tena, na alikuwa amemwalika Kitavi kanisani hasa kwa sababu huko hangehitaji kukivua.

Nilikuta chupa ya mafuta ya mbarika juu ya meza yao, na sufuria ndogo ya kuipashia moto. Jioni waliketi karibu na dirisha na kupakana kwa zamu, kwa ncha za vidole, sio kucha. Bi. Mwelu aliacha kusuka kwa kukaza na kulala na wigi. Nywele zake za pembeni zilirudi, laini kama za mtoto mchanga. Alinionyesha mwenyewe, akisogeza kitambaa, na mumewe akatazama kando kwa fahari. Za Kitavi hazikurudi. Mkewe aliendelea kumpaka.

Jonathan Kitavi Nzomo alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Riruta.